Kigezo cha Fulana: Kipimo cha Haki kwa Kila Mwanachama

SOMO KWA VIKUNDI VYA MASOMO VYA VYAMA VYA MSINGI

Haja za msingi za binadamu ni tatu: chakula, mavazi na nyumba. Vyama vya msingi vimezoea kushughulikia haja ya kwanza, kwa kuwa mazao ndiyo yaliyowakutanisha wanachama. Haja ya pili mara nyingi huachiwa gulio. Mwanachama aliyepimiwa mahindi au vitunguu vyake kwa mizani ya haki hurudi nyumbani na fulana ambayo hakuna aliyempimia. Inambana makwapani au inampwaya shingoni, naye huivaa hivyo hivyo kwa sababu fedha imekwisha kutoka.

Ushirika haukuanza hivyo. Wale watu 28 walioanzisha duka la ushirika katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, waliishi katika mji wa wafumaji, na baadhi yao walikuwa wafumaji wa kitambaa cha sufu kiitwacho flannel. Kutokana na jina la kitambaa hicho Kiswahili kimepata neno "fulana". Mojawapo ya ahadi za duka lao ilikuwa kwamba mnunuzi angepata bidhaa safi, kwa uzito kamili na kipimo kamili. Kushona fulana kwa kipimo cha mvaaji mwenyewe ni kuirudisha ahadi hiyo katika nguo.

Somo hili laeleza namna ya kuchora kigezo cha fulana nyumbani, kwa karatasi, rula na kalamu. Kigezo ni mfano wa karatasi wa kila kipande cha nguo, ambao huwekwa juu ya kitambaa ili kuongoza mkasi. Mwenye kigezo hakati kwa kukisia.

KWA NINI KIPIMO KIMOJA HAKIWAFAI WATU WOTE

Wilaya za Karatu na Ngorongoro zafundisha jambo hili kwa uwazi kuliko mahali pengi. Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, nchi iko chini na jua ni kali. Mkulima wa vitunguu huinama mfereji hadi mfereji, na fulana yake yapasa kuwa pana ili upepo upite. Huko juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za mwezi Juni na Julai zina ukungu na baridi. Mtu huvaa fulana chini ya sweta, na fulana pana hujikunja ndani yake. Mvunaji wa kahawa wa Oldeani hunyanyua mikono siku nzima. Mtembeza wageni huketi garini tangu alfajiri. Mama wa Rhotia aliyelima kwa jembe tangu usichana ana mabega mapana kuliko binti wa mjini mwenye kifua cha kipimo kile kile.

Fulana za dukani hugawanywa kwa herufi tatu au nne tu: ndogo, ya kati, kubwa na kubwa zaidi. Herufi haijui jembe wala baridi. Futi ya fundi hujua.

VIFAA

Vifaa si vya gharama kubwa. Yatakiwa futi ya fundi, rula ya sentimita 30, kalamu ya risasi, mkasi wa karatasi na mkasi mwingine wa kitambaa. Mkasi wa kitambaa usikate karatasi kamwe, kwani karatasi huufanya butu. Karatasi yaweza kuwa ya khaki, au ile ya ndani ya mfuko wa saruji iliyokung'utwa vizuri, au magazeti yaliyogandishwa kwa uji mzito wa unga wa ngano na kukaushwa yakiwa yamenyooka. Pembe ya daftari jipya yatosha kupima pembe mraba.

KUCHUKUA VIPIMO

Mpimwaji asimame wima, amevaa nguo nyepesi, mikono imelegea. Mpimaji aombe ruhusa kwanza na kueleza atapima wapi; ni vema akina mama wapimwe na akina mama wenzao. Futi ilale juu ya mwili bila kukaza, na msaidizi aandike kila tarakimu papo hapo. Vipimo ni saba. Katika mabano yametolewa makadirio ya mfano, kwa sentimita, yatakayotumika katika somo lote:

1. Mzunguko wa kifua, mahali palipojaa zaidi (96).
2. Mzunguko wa nyonga, mahali pindo la fulana litakapofika (100).
3. Upana wa mabega kwa nyuma, kutoka mfupa wa bega hadi mfupa wa bega (42).
4. Mzunguko wa shingo, chini kabisa (38).
5. Urefu, kutoka mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo hadi pindo (66).
6. Mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, penye msuli (30).
7. Urefu wa mkono wa fulana, kutoka mfupa wa bega (20).

Kwa kipimo cha kifua na cha nyonga huongezwa nafasi ya mwili, ili mvaaji apumue na kuinama. Kwa fulana ya kawaida ya kazi nafasi hiyo ni sentimita 8 kifuani na 6 nyongani. Kwa nchi ya joto kama Mang'ola kifua kiongezwe 10 hadi 12. Kwa fulana ya kuvaliwa chini ya sweta, 6 zatosha.

KUCHORA MGONGO

Kwa kuwa upande wa kulia na wa kushoto wa mwili hulingana, huchorwa nusu tu ya mgongo. Nusu hiyo baadaye huwekwa kwenye mkunjo wa kitambaa.

Mchoraji aweke alama A kwenye pembe ya juu kushoto ya karatasi, kisha ateremshe mstari wa wima. Kwenye mstari huo aweke alama tatu. C iwe sentimita 2 chini ya A. Hapo ndipo shingo ya nyuma. D iwe chini ya A kwa kiasi cha kifua kugawanywa kwa 6, kisha kuongezwa 7: yaani 96 kwa 6 ni 16, jumla 23. Huo ni usawa wa makwapa. B iwe chini ya C kwa urefu wote wa fulana, yaani 66. Hapo ndipo pindo.

Kutoka A apime kwenda kulia sehemu ya tano ya shingo pamoja na sentimita moja na nusu: 38 kwa 5 ni 7.6, jumla takriban 9. Hiyo ni alama E, ubavu wa shingo. Nafasi hiyo huonekana kubwa, lakini ukanda wa shingo utaipunguza. Tena kutoka A apime nusu ya mabega, 21, kisha ashuke sentimita 4. Hiyo ni F, ncha ya bega. Kutoka D apime robo ya kifua pamoja na nafasi yake: 96 na 8 ni 104, robo yake ni 26. Hiyo ni G, kwapa. Kutoka B apime robo ya nyonga pamoja na nafasi yake: 106 kwa 4, yaani 26.5. Hiyo ni H.

Sasa aunganishe alama. C hadi E ni mpindo mdogo wa shingo. E hadi F ni mstari ulionyooka wa bega. F hadi G ni mpindo wa kwapa: ushuke karibu wima kwa sehemu kubwa ya safari yake, ndipo ukunje kuelekea G kama mdomo wa bakuli. G hadi H ni ubavu.

KUCHORA MBELE

Mbele hunakiliwa kutoka mgongo, kwa mabadiliko mawili. Shingo ya mbele hushuka sentimita 10 chini ya A badala ya 2, na mpindo wake huwa wa duara zaidi. Mpindo wa kwapa nao huingia ndani kwa sentimita moja zaidi katikati yake, kwa kuwa mkono husogea mbele mara nyingi kuliko nyuma.

Mwili wa kila mtu hudai marekebisho yake. Mwenye kifua kilichojaa huona fulana ikiinuka mbele. Kwake katikati ya pindo la mbele iongezwe sentimita 2, zikipungua polepole hadi sifuri ubavuni. Mzee ambaye mgongo umepinda huona fulana ikiinuka nyuma. Kwake urefu wa mgongo uongezwe kwa namna ile ile. Marekebisho haya ni madogo, lakini ndiyo yanayomfanya mvaaji aache kuivutavuta nguo yake mbele za watu.

KUCHORA MKONO

Mkono huchorwa mzima. Kwanza huchorwa mstari wa ulalo wenye upana wa msuli pamoja na sentimita 4: 30 na 4 ni 34. Katikati yake hupandishwa mstari wa wima wenye urefu wa sehemu ya nane ya kifua, yaani 12. Ncha yake ni kilele cha mkono. Kilele huunganishwa na ncha mbili za mstari wa ulalo kwa mpindo ambao hutuna karibu na kilele na kubonyea kidogo karibu na kwapa. Kutoka kileleni hupimwa kwenda chini urefu wa mkono, 20, na hapo huchorwa pindo lenye upana wa 32.

Kwa mvunaji wa kahawa, au mtu yeyote anayenyanyua mikono, kilele kishushwe hadi 10 na upana uongezwe hadi 36. Mkono wa kilele kirefu hupendeza mtu akiwa amesimama, lakini huinua fulana nzima anapofikia tawi. Mkono wa kilele kifupi hujikunja kidogo kwapani, ila humwacha mtu afanye kazi.

KUKAGUA KABLA YA KUKATA

Kosa la karatasi hufutwa kwa kifutio. Kosa la kitambaa hulipwa kwa fedha. Kwa hiyo kigezo kikaguliwe kwa mambo manne.

Kwanza, bega la mbele na la nyuma yalingane, na vivyo hivyo mbavu. Pili, futi isimamishwe kwa ubavu wake juu ya mpindo wa kwapa la mbele na la nyuma, na jumla ilinganishwe na mpindo wa mkono. Katika mfano huu kila upande utakaribia sentimita 43 au 44. Mpindo wa mkono waweza kuzidi kwa sentimita moja tu. Ukipungua, upana wa mkono uongezwe kidogo kidogo hadi ulingane. Tatu, duara lote la shingo lipimwe, nalo litakaribia 49. Nne, kichwa cha mvaaji kipimwe, kwa kuwa fulana haina kifungo. Ikiwa kichwa ni 56, shingo ya 49 itapita kwa kuvutika; ikiwa shingo imechorwa ndogo mno, haitapita.

Baada ya ukaguzi, mistari yote iongezwe sentimita moja kwa nje kwa ajili ya mshono, na mapindo yaongezwe 2.5. Mstari wa katikati ya mbele na wa mgongo usiongezwe chochote, kwani huo ni mkunjo. Ukanda wa shingo huchorwa mwisho: upana 6, na urefu asilimia 85 ya duara la shingo pamoja na 2 za kuungia, yaani takriban 44.

KITAMBAA NA KUKATA

Kigezo hiki ni cha kitambaa cha fulana, ambacho nyuzi zake zimeunganishwa kwa vitanzi kama sweta, na kwa hiyo huvutika. Hakifai kanga wala kitenge, ambavyo vina mtande na mshindio na havivutiki. Viwanda vya Arusha, kama Sunflag, vimefuma kitambaa cha vitanzi kwa miaka mingi.

Kitambaa cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa maana hurudi: urefu waweza kupungua kwa asilimia 5 au zaidi. Fulana iliyokatwa kabla ya kufua ilikuwa na kipimo cha haki siku ya kwanza tu.

Kitambaa kilazwe mezani bila kuvutwa. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili, usishuke toka bega hadi pindo. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 150, ukingo wa kushoto hukunjwa ndani kwa upana wa kipande cha mbele, na ukingo wa kulia kwa upana wa mgongo. Katikati hubaki ukanda usiokunjwa wa karibu sentimita 40, ambao hutoa mikono yote miwili, mmoja chini ya mwingine. Chini kabisa hukatwa ukanda wa shingo.

KUSHONA

Cherehani ya kawaida ya miguu yatosha, mradi fundi azingatie mambo matatu. Sindano iwe yenye ncha ya mviringo, isiyotoboa vitanzi. Uzi uwe wa poliesta. Mshono uwe mfupi, na kitambaa kivutwe kidogo mbele na nyuma ya sindano wakati wa kushona, ili uzi usikatike nguo inapovutika. Mwenye cherehani ya zigizaga atumie zigizaga nyembamba.

Utaratibu ni huu: mabega kwanza, yakiwekewa utepe mwembamba wa pamba usiovutika, kisha ukanda wa shingo, uliokunjwa mara mbili na kuvutwa sawasawa, kisha mikono, nguo ikiwa bado imefunguka, kisha mbavu pamoja na chini ya mikono kwa mshono mmoja mrefu, mwisho mapindo. Fulana ya kwanza ishonwe kwa kitambaa cha fulana kuukuu zilizofumuliwa. Mvaaji aijaribu kwa kuinama, kunyanyua mikono na kuketi, na kila rekebisho liandikwe juu ya kigezo chenyewe.

HESABU YA KIKUNDI

Na ichukuliwe kwamba kikundi cha ushonaji kimeombwa fulana 30. Fundi akatae kwa kukisia hununua mita moja kwa kila fulana ili asipungukiwe: jumla mita 30. Kwa kigezo cha mfano, kila fulana yahitaji sentimita 78. Zikiongezwa za kurudi, 85 zatosha. Jumla ni mita 25 na nusu. Mita nne na nusu zilizookolewa ni fulana tano zaidi.

Wauzaji wengine huuza kwa kilo. Kitambaa chenye uzito wa gramu 180 kwa mita mraba hutumika karibu gramu 230 kwa fulana moja; yaani kilo moja hutoa fulana nne. Mweka hazina anayejua hesabu hii aweza kupanga bei kabla ya kupokea kazi, akijumlisha kitambaa, uzi, ujira na uchakavu wa cherehani. Asiyeijua hupanga bei ya jirani, na hasara huigundua mwishoni.

Si lazima kuchora vigezo 30. Wavaaji wagawanywe katika makundi matatu kwa kifua, kwa mfano 88, 96 na 104. Kwa kila kundi hesabu ile ile hufanywa upya, na robo ya kifua pamoja na nafasi yake itakuwa 24, 26 na 28. Urefu na marekebisho ya kila mtu huandikwa katika daftari, na hufuatwa wakati wa kukata.

KIGEZO NI MALI YA CHAMA

Ujuzi uliomo mkononi mwa fundi mmoja huondoka naye siku anapohama au kuugua, na kikundi hubaki na cherehani na kitambaa bila kazi. Ujuzi uliochorwa kwenye karatasi hubaki. Kwa sababu hiyo kila kigezo kiandikwe jina la kipande, vipimo, tarehe na idadi ya vipande vya kukatwa. Kitobolewe tundu, kitundikwe mahali pakavu mbali na panya, na kiorodheshwe katika daftari la mali ya chama kama inavyoorodheshwa mizani. Daftari la vipimo vya miili ya watu litunzwe kwa siri na mtu mmoja aliyechaguliwa.

Kila mwaka wanachama wawili wapya wafundishwe kuchora tangu alama A hadi pindo. Vikundi vinavyotaka mafunzo zaidi vyaweza kupata ushauri kwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwanachama ana kifua cha 104 na analima Mang'ola. Nafasi ya mwili iwe ngapi, na robo ya kifua itakuwa ngapi?
2. Kwa nini shingo huchorwa pana kuliko inavyoonekana fulana ikikamilika?
3. Mkono wa fulana humwinua mvaaji nguo anapofikia juu. Ni kipimo gani kibadilishwe, na kwa kiasi gani?
4. Katika kikundi chenu, ni nani ajuaye kukata nguo? Akiondoka kesho, ni kazi gani itasimama?
5. Fundi aliyechora kigezo kwa karatasi na muda wake mwenyewe adai ni chake. Kikundi kimlipeje kwa haki, ili kigezo kiwe mali ya wote?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao kila kikundi kimpime mwanachama mmoja, kichore vipande vyake vyote, kisha kivilete mkutanoni vikaguliwe na kikundi kingine kwa futi.